Wasifu wa Sista Kimya, Aliyeanza na Kitanda Kisicholia

Ndugu, jamaa, majirani, wauguzi wa zamani na wa sasa, asanteni kwa kuja. Kabla ya yote mnaombwa jambo moja. Karatasi mlizopewa mlangoni msizifuate. Zilichapwa juzi asubuhi, na mchana wa siku hiyo hiyo mama mzazi wa marehemu, yaani Bibi, alisomewa. Ikaonekana aya ya pili ina kosa, na mstari wa mwisho ameukataa katakata. Mchapaji alikuwa ameshafunga duka. Basi wasifu unaosomwa hapa na binti wa kati wa marehemu ni ule uliosahihishwa na Bibi. Kosa lenyewe litaelezwa mahali pake, maana Bibi ametaka lisemwe hadharani kabla jeneza halijashushwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika chumba cha nyuma cha nyumba iliyopakana na kiwanda cha sabuni. Alikuwa kifungua mimba wa mama fundi cherehani na baba dereva wa lori. Baba alikuwa mtu wa safari, leo huku kesho kule, kwa hiyo nyumba iliendeshwa na cherehani. Ilianza kulia kabla chai haijachemka na ilinyamaza watu wakila. Marehemu alijifunza kutembea kwa kushikilia meza ya cherehani hiyo, na alama ya jino lake la kwanza ipo mpaka leo kwenye ukingo wa mbao. Miaka mitatu baadaye akapata mdogo wake wa kiume. Wawili hao walikuwa chanda na pete. Dada ndiye aliyemwogesha, aliyemlisha, na aliyewatia adabu watoto wa mtaani waliomcheka kwa sababu hakuweza kukimbia. Mdogo wake alikuwa na pumu.

Sasa ile aya ya pili. Kwenye karatasi imeandikwa hivi: "Mwaka 1960, marehemu akiwa na umri wa miaka tisa, aliachiwa kazi ya kumwangalia mdogo wake aliyebanwa na pumu. Kifua kilipoacha kulia, alimwambia mama yake kwamba mtoto ametulia. Mama akamwamini. Mtoto akafariki." Hivyo ndivyo alivyotusimulia sisi wanawe, na hivyo ndivyo alivyowasimulia wanafunzi wake mwaka hadi mwaka. Wauguzi wengi mliokaa hapa mnaikumbuka. Tuiache hapo kwanza, tutairudia.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwao, kisha sekondari ya bweni ya wasichana. Masomo yote alifanya vizuri, ila alipenda sayansi ya viumbe kuliko chakula. Mwanafunzi mwenzake aliyelala kitanda cha jirani yupo hapa leo. Anasema wakati wa mapumziko ya mchana, wenzao wote wakiwa wamejitupa vitandani kwa joto, alikuwa akifungua macho anamkuta marehemu ameinama juu yake, sikio karibu na mgongo.

"We vipi?"

"Nasikiliza tu. Lala."

"Unasikiliza nini?"

"Kama upo."

Walimcheka bweni zima, wakamwita mchawi. Yeye hakujali. Kitanda hadi kitanda alipita, na akishamaliza ndipo alipoweza kulala na yeye. Mwaka 1969 akajiunga na chuo cha uuguzi, akahitimu mwaka 1972, akapangiwa wodi ya watoto katika hospitali kuu, na humo akafanya kazi mpaka alipohamishiwa kufundisha.

Wodi ile ilikuwa ndefu, vitanda pande mbili, madirisha juu, sakafu ya saruji iliyopigwa rangi nyekundu. Asubuhi ukifungua mlango unapokewa na vilio. Muuguzi yeyote angeanza na anayelia zaidi, maana ndiye anayekuvuta. Marehemu alikuwa na utaratibu wake. Alisimama mlangoni, akasikiliza, kisha akaenda moja kwa moja kwenye kitanda kisicholia. Wazazi walimkasirikia kweli kweli.

"Sista, huyu wangu analia hapa, au humwoni?"

"Namsikia, mama. Anayelia ana pumzi. Nakuja."

Na mzazi wa yule aliyenyamaza naye alikasirika vile vile. Mmoja alimshika mkono. "Ndo kwanza kanyamaza jamani, kasumbuka tangu juzi. Mwache apumzike." Marehemu alibadilika uso. Kila aliyefanya naye kazi analijua badiliko hilo. Neno hilo la "apumzike" hakulipenda lisemwe mbele yake, na hakuna aliyejua kwa nini, kwa sababu yeye mwenyewe hakujua. Aliweka kiganja juu ya kifua cha mtoto, akasubiri, akapaza sauti iletwe oksijeni. Mtoto yule alitoka wodini kwa miguu yake, na mama yake akaondoka bila kuaga kwa aibu, kisha akarudi na kuku.

Baadaye alipokuwa mwalimu, somo lake la kwanza kwa kila darasa jipya lilikuwa juu ya ukimya. Ndipo lilipotoka jina la Sista Kimya. Jina hilo liliwachekesha wote waliomfahamu, kwani marehemu alikuwa msemaji hasa, akikukamata kwenye ngazi chakula chako kinapoa. Aliingia na chaki, hasalimii, anaandika ubaoni. Tumbo kimya: unaweka kipimo cha kusikilizia juu ya tumbo la mgonjwa, utumbo wenye afya hunguruma kama jirani anayeburuta meza, na usiposikia kitu, mwite daktari wa upasuaji mbio. Moyo ulioshambuliwa kimya: huja zaidi kwa wenye kisukari cha muda mrefu, mishipa ya fahamu imechoka, moyo unaumia na mwenyewe haumii, anasema amechoka tu. Mbebaji kimya: mtu anatembea na ugonjwa, anaupitisha kwa wengine, yeye hana hata mafua.

Halafu kifua kimya. Hapo aliweka chaki mezani. Alieleza kwamba pumu ikibana, hewa kidogo bado inapenya, na hiyo kidogo ndiyo inayopiga mluzi. Ikibana zaidi, hewa haipiti, na mluzi unakoma. Aliye nje ya chumba anasikia nafuu. Aliye ndani anakufa. "Msije mkafurahia ukimya msiouangalia kwa macho," alisema, kisha akawasimulia habari ya mdogo wake kama ilivyo kwenye ile karatasi, kwa sauti ya kawaida kabisa, akigeukia dirishani. Waliokuwepo wanasema darasa lote lilisahau kuandika.

Alipomaliza hayo aliwahurumia, akawapeleka kwenye biolojia ili wapumue. Aliwaeleza jeni iliyonyamazishwa: ipo katika kila chembe ya mwili, haijaondoka, ila imekunjwa kama kitambaa kilichowekwa chini kabisa ya sanduku, hakivaliwi. Akawaeleza pia badiliko kimya, herufi moja ya jeni inapogeuka na protini inayotengenezwa ikabaki ile ile. Mfano wake ulitoka nyumbani. Fundi kaishiwa uzi mweusi, kachukua uzi mweusi wa kiwanda kingine, gauni ni lile lile, na bibi harusi hajui. "Huu," alisema, "ndio ukimya pekee ninaouamini."

Mwaka mmoja mwanafunzi alinyoosha mkono. "Na ukimya wa watu, mwalimu? Watu wa nyumba moja?"

"Huo haumo kwenye mtaala," alijibu, akafuta ubao.

Tarehe 7 Agosti 1976 alifunga ndoa na fundi redio aliyekuwa na kibanda mkabala na lango la hospitali. Marehemu alimpelekea redio iliyonyamaza. Fundi akaitengeneza. Wiki haijaisha karudi nayo, imenyamaza tena. Mara ya tatu fundi akagundua kwamba waya umechomolewa kwa makusudi, akafunga kibanda, akamsindikiza mpaka kwao. Walijaliwa watoto watatu. Redio nyumbani kwao haikuzimwa, hata kama hakuna anayesikiliza. Baba yetu alizoea yote, ila kiganja. Alisema: "Nimejilaza kidogo baada ya chakula, mara nashtuka mkono uko kifuani. Nimeoa mwanamke au nimeoa askari wa forodha?" Alifariki tarehe 21 Januari 2011, baada ya kuugua figo, kiganja hicho kikiwa kifuani pake.

Mama yake marehemu, yaani Bibi, alihamia kwao mwaka 1984 na cherehani yake. Marehemu aliiweka ukumbini, mahali inaposikika kutoka kila chumba. Tulikua tukiona jambo ambalo tulidhani liko kila nyumba: cherehani ikinyamaza, mama yetu alitoka jikoni na mikono ya unga.

"Mama, vipi huko?"

"Uzi umekatika tu, mwanangu. Sijafa."

Walipendana sana watu hawa wawili. Walichekana, walisutana kwa mapenzi, waligombania kijiko cha kuonja mchuzi. Lakini jina la yule mtoto hatukuwahi kulisikia kati yao. Alikuwapo, na picha yake ilikuwa ukutani karibu na saa, mvulana mwenye shati jeupe la kushonwa nyumbani. Kila mmoja alikuwa akiifuta vumbi kwa wakati wake, mwenzake akiwa hayupo. Sisi watoto tulijifunza kupita pale bila kuuliza. Wakati mwingine, radi ikipiga na redio ikikatika, nyumba ilikuwa kimya kwa muda mfupi, nao wawili waliinua vichwa pamoja na kutazama upande mmoja, kana kwamba pale kuna mlango wa chumba ambacho hakikuwa cha nyumba hii. Tuliogopa. Hatukuambizana, lakini tuliogopa.

Kisukari kilimpata mwaka 2003. Alikidhibiti vizuri isipokuwa siku za sikukuu, ambapo sukari yake ilikuwa siri kati yake na keki. Tarehe 9 Oktoba 2023 aliamka akasema amechoka. Hakuumwa popote. Jasho lilimtoka akiwa amekaa, akasema ni joto. Kitinda mimba wake akambeba juu juu mpaka hospitali, wakamlaza wodi iliyojaa, kila mtu analalamika kwa sauti yake. Yeye hakulalamika. Muuguzi wa zamu aliingia, akasimama mlangoni, akasikiliza, akapita vitanda vyote vya waliokuwa wakimwita akaja kwake. Alikuwa mwanafunzi wake. Kipimo kikaonyesha moyo ulikuwa umeshashambuliwa, kimya kimya, vile vile alivyofundisha. Marehemu alicheka mpaka wakamkataza. "Nimelifundisha hili somo maisha yangu yote," alisema, "limekuja lenyewe kunisahihishia mtihani."

Moyo haukurudi kama zamani. Alirudishwa nyumbani, miguu ikimvimba, pumzi zikimpungua akipanda ngazi mbili. Katika miezi hiyo alimwita binti yake wa kati na kumwagiza juu ya wasifu huu. Aya ya pili aliitamka mwenyewe, neno kwa neno, akataka iandikwe hivyo hivyo.

"Mama, si umwambie Bibi mwenyewe?"

"Usoni siwezi. Nimejaribu tangu nikiwa msichana. Nikimwambia nitamuua mtoto mara ya pili. Hajanilaumu hata siku moja, unajua hilo? Hata siku moja. Kanisitiri miaka yote hii. Nikishaondoka msomeeni, mumwombe msamaha kwa niaba yangu."

Akaagiza pia kwamba Bibi asomewe taratibu, amekaa, amekula.

Tarehe 2 Mei 2024, saa tisa alasiri, marehemu alikuwa ukumbini kwenye kiti chake. Bibi alikuwa kando yake akipindia shuka kwa mkono, kwani cherehani macho yake hayaiwezi tena. Redio ilikuwa inasoma bei za mazao. Marehemu alikuwa akibishana na redio. Halafu hakubishana. Bibi aliangusha shuka, akaweka kiganja chake juu ya kifua cha mwanawe, akapiga kelele: "Njooni! Amenyamaza!" Katika nyumba ile neno hilo halikuhitaji maelezo. Tulikimbia wote. Muuguzi jirani alifika, akafanya yote yaliyowezekana. Hakuamka.

Tumefika sasa kwenye kosa. Juzi Bibi alikaa, alikula kidogo, akasomewa. Alisikiliza kuzaliwa, akatabasamu kwa habari ya jino. Aya ya pili ilipokwisha aliinua mkono.

"Rudia hapo."

Ikarudiwa.

"Nani kasema hivyo?"

"Mama mwenyewe, Bibi. Alituagiza tuandike."

Bibi aliushusha mkono. Tulidhani anakusanya maneno ya kusamehe, kama tulivyoombwa. Kumbe hakuwa na la kusamehe. Maneno aliyosema ni haya, na ameyasikiliza tena jana yakiandikwa, asipunguze hata moja.

"Si yeye. Alikuja pale nilipokuwa nashona, akaniambia, 'Mama, kifua hakilii tena, njoo uone.' Alikuwa na hofu. Mtoto wa miaka tisa alikuwa na hofu, mimi sikuwa nayo. Niliinuka, nikafika mlangoni, nikachungulia. Sikuingia. Sikumgusa. Nikasema, 'Ametulia. Mwache apumzike.' Nikafunga mlango. Mwanangu akaniambia, 'Mama, niingie nimwangalie?' Nikamwambia, 'Njoo unishikie kitambaa.' Akanishikia kitambaa. Alikuwa amesimama hapa, mkono wa kushoto wa cherehani, ananishikia, na kila mara anageuka kuutazama mlango. Nikamkemea atulie."

Mjukuu wake mmoja alimuuliza kwa nini hakusema miaka yote.

"Nilidhani anajua. Alikuwepo. Nilidhani ananisitiri mimi."

Hivyo ndivyo walivyoishi. Miaka zaidi ya sitini, chini ya paa moja kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo, kila mmoja akimshukuru mwenzake moyoni kwa kutomlaumu. Mtoto alichukua maneno ya mama yake akayaweka kinywani mwake, akakua nayo, akayafundisha. Amekufa akiyaamini. Sisi wanawe tunaumia kwa hilo kuliko kwa kifo chenyewe, na hatuoni haya kulisema. Miezi ile yote ya ugonjwa walikaa kiti kwa kiti, na swali moja lingetosha.

Kwa hiyo wauguzi, wanafunzi wa Sista Kimya, mliosimuliwa darasani mkaenda kusimulia wengine: Bibi anawaomba mkasahihishe. Yule msichana aliusikia ukimya. Akaja akasema. Hakusikilizwa. Mengine yote aliyowafundisha yashikeni kama yalivyo.

Marehemu ametanguliwa na baba yake, na mumewe, na mdogo wake aliyeishi miaka sita. Ameacha mama mzazi, watoto watatu, wakwe wawili na mmoja anayesubiriwa, wajukuu wanne, wodi nzima za watu wazima wasiojua kwamba waliwahi kuwa watoto walionyamaza, na redio ambayo tumekubaliana haitazimwa mpaka iharibike yenyewe.

Kuhusu mstari wa mwisho wa karatasi, ule unaomtakia kupumzika kwa amani, Bibi aliukataa juzi. Alisema neno hilo aliwahi kulitamka mlangoni, bila kuangalia, na hataki litamkwe hivyo tena juu ya mtoto wake mwingine. Tukauondoa.

Leo asubuhi, kabla jeneza halijafungwa, aliomba apelekwe karibu. Tulimshika mikono pande zote mbili. Akatuondoa mikono, akainama, akaweka kiganja chake juu ya kifua cha mwanawe, akakaa hivyo muda mrefu, kama anavyojua kila muuguzi aliyepo hapa. Alimwambia jambo sikioni ambalo hatukulisikia. Kisha akajiinua.

"Nimeingia," akasema. "Nimemgusa. Nimeangalia mwenyewe. Sasa mwacheni apumzike."